Dokezo Moja, Vifaa Viwili: Tofauti za Uandishi wa Madokezo kati ya Kompyuta na Simu kwa Wanafunzi wa Kiswahili Jijini Kampala

Ikisiri
Makala hii inaeleza jinsi programu za kujifunzia zinavyompa mwanafunzi uwezo tofauti wa kuandika madokezo kulingana na kifaa anachotumia. Kwa kurejelea Moodle na Anki, pamoja na mifano ya ujifunzaji wa Kiswahili jijini Kampala, inaonyeshwa kuwa simu humwezesha mwanafunzi kukusanya maarifa, ilhali sehemu kubwa ya kazi ya kuyapanga imebaki kwenye kompyuta. Vigezo vitatu vya kuteua programu vinapendekezwa.

1.0 Utangulizi
Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Utekelezaji wa uamuzi huo unahitaji walimu, na walimu hao wanaandaliwa katika kipindi ambacho sehemu kubwa ya kusoma imehamia kwenye vifaa vya kidijitali. Kufungwa kwa shule kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022 kuliuharakisha uhamaji huo.

Hata hivyo, kifaa si kimoja. Mwanafunzi wa Kampala aghalabu hutembea na simu yake mwenyewe, lakini kompyuta huipata kwa zamu: katika maabara ya chuo, kwa rafiki, au kwa kulipia katika vibanda vya uchapaji vya Wandegeya. Kwa hiyo, programu inapofanya kazi kwa namna mbili, tofauti hiyo huamua nani anaweza kufanya kazi gani, na wakati gani.

Katika makala hii, dokezo ni andiko fupi ambalo mwanafunzi hujiandikia ili alirudie, alisahihishe na alihusishe na mengine. Sifa hizi tatu ndizo zinazolitofautisha na nakala ya somo.

2.0 Jedwali lisiloandikika
Mazingira ya kujifunzia ya Chuo Kikuu cha Makerere, yajulikanayo kama MUELE, yamejengwa juu ya Moodle. Mfumo huu hufikiwa kwa kivinjari, na Moodle ina pia programu yake ya simu. Mhariri wa matini anayetumika kwenye kivinjari humwezesha mwandishi kuchora jedwali. Mhariri wa programu ya simu ana vitufe vichache zaidi: kukoleza maandishi, kuyalaza, vichwa vidogo na orodha. Kitufe cha jedwali hakimo.

Kwa masomo mengine, upungufu huu ni mdogo. Kwa mwanafunzi wa ngeli, ni mkubwa. Mzungumzaji wa Kiganda anayejifunza Kiswahili ana mtaji wa kiisimu ambao wanafunzi wengi wa lugha ya kigeni hawana. Anajua tayari kwamba nomino hutawala kitenzi: *ekitabo kibuze*, *ebitabo bibuze*. Akiyapanga hayo sambamba na *kitabu kimepotea*, *vitabu vimepotea*, anaona mara moja kilichofanana na kilichotofautiana. Mpango huo wa safu na mistari ndio uchambuzi wenyewe. Ukilazimishwa kuwa orodha ya sentensi moja baada ya nyingine, data hubaki lakini uhusiano wake hufichika. Mwanafunzi anayejibu swali hilohilo kwa simu anaweza kupata alama ndogo kwa sababu isiyohusiana na ujuzi wake wa lugha.

3.0 Dokezo linalofutana na jingine
Mfano wa pili ni Anki, programu ya kukariri kwa kadi iliyoanzishwa na Damien Elmes mwaka 2006. Katika Anki, dokezo moja lenye sehemu kadhaa huzalisha kadi nyingi. Kwa simu za Android hutumika AnkiDroid, iliyo mradi wa wasanidi wengine na hupatikana bila malipo. Viongezi vingi vinavyopanua uwezo wa Anki huandikwa kwa ajili ya toleo la kompyuta, na havifanyi kazi kwenye simu.

Lililo zito zaidi ni usawazishaji. Tuchukue mwanafunzi aliyeandika madokezo ya vitenzi, kisha akagundua kwamba *kufuga* kwa Kiswahili ni kutunza wanyama, ilhali *okufuga* kwa Kiganda ni kutawala. Anaamua kuongeza sehemu ya Kiganda katika madokezo yake yote, na anafanya hivyo kwenye kompyuta ya maabara. Badiliko la muundo wa aina hii huilazimisha programu kusawazisha kwa upande mmoja: ama nakala ya kifaa ipande kwenye seva, ama ya seva ishuke kwenye kifaa. Ikiwa simu ilikuwa na madokezo mapya ambayo hayajapandishwa, upande mmoja lazima upotee. Programu hutoa onyo, lakini onyo humsaidia anayekuwa na vifaa vyote viwili mbele yake. Anayepewa saa moja ya maabara huchagua kwa kubahatisha.

4.0 Hoja ya skrini ndogo
Inaweza kudaiwa kuwa tofauti hizi ni za lazima, kwa kuwa skrini ya simu ni ndogo. Hoja hii ina ukweli kiasi. Zaidi ya hayo, simu ina faida zake: kamera, kinasa sauti, na katika programu ya Moodle, uwezo wa kupakua maudhui ya kozi na kuyasoma bila intaneti. Lakini faida hizo zote ni za kupokea na kuhifadhi. Mwanafunzi anayechora jedwali daftarini na kulipiga picha amelihifadhi, ila hawezi kulisahihisha neno moja bila kuanza upya. Pia kila usawazishaji hutumia data, ambayo tangu Julai 2021 hutozwa kodi ya asilimia 12 nchini Uganda.

5.0 Mapendekezo na hitimisho
Kwa kuwa matoleo ya programu hubadilika mara kwa mara, taasisi zinahitaji vigezo kuliko orodha ya programu zilizoidhinishwa. Kwanza, kila programu ijaribiwe kwa simu ya Android ya bei ya wastani: je, mwanafunzi anaweza kuandika, kutafuta, kusahihisha na kupanga dokezo hadi mwisho bila kompyuta? Pili, nakala mbili zinapogongana, zote zihifadhiwe mpaka mtumiaji azisome. Tatu, madokezo yaweze kutolewa kama faili la kawaida linalofunguka popote.

Wahadhiri nao wasitoe zoezi linalodai jedwali bila kuhakikisha kuwa linaandikika kwenye kifaa cha mwanafunzi. Vigezo hivi vinaweza kuingizwa katika miongozo ya vyuo na ya Kituo cha Taifa cha Uundaji wa Mitaala kwa gharama ndogo. Visipoingizwa, Uganda itapata walimu wa Kiswahili waliojifunza lugha moja kwa viwango viwili, na mpaka baina yao utakuwa umewekwa na kifaa.