Kompyuta Inayozirai Ikiamka: Usikimbilie Kununua Nyingine

Wahenga walisema kwamba usingizi ni nduguye kifo. Msemo huo waihusu pia kompyuta ya mezani, mashine ambayo siku hizi imeingia katika nyumba na vibanda vingi vya mjini. Unaiacha saa saba mchana ili ukapate chakula, nayo inalala yenyewe. Unarudi, unagusa kitufe, feni zinavuma na taa inawaka. Kisha kioo chabaki cheusi, au chageuka buluu, au kazi yako yaonekana kwa dakika moja na kuganda isitikisike. Barua uliyoishughulikia tangu asubuhi imepotea.

Ndugu msomaji, jambo hili si dogo, hasa kwa wakazi wa Dodoma. Mwaka 1973 ulipotolewa uamuzi wa kuufanya mji huu makao makuu ya nchi, kompyuta ilikuwa chombo cha wataalamu wachache. Ya kwanza ya Serikali iliwekwa Hazina mwaka 1965, na mwaka 1974 uingizaji wa mashine hizo ukapigwa marufuku. Leo mambo ni mengine. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, na tangu mwaka 2016 wizara zimehamia huku. Palipo na ofisi na wanafunzi hapakosi steshenari. Kutoka Makole hadi Nkuhungu, mashine moja kuukuu yaweza kumlisha mama na watoto wake, na ndani yake mna kazi za watu wengine: maombi ya ajira, ripoti za mafunzo, mikataba ya viwanja. Ikizirai, hasara si ya mwenye mashine peke yake.

Mara nyingi mwenye mashine huambiwa mazabodi imekufa, anunue kompyuta nyingine. Huenda ni kweli. Lakini yafaa neno hilo liwe la mwisho, lisiwe la kwanza, kwa kuwa sababu nyingi za ugonjwa huu hutibika kwa gharama ndogo, na nyingine bila gharama yoyote.

KULALA SI KUZIMIKA

Kompyuta inapolala, kioo, feni na diski husimama, na ubongo wa mashine huacha kufanya kazi. Hata hivyo, umeme haukatiki kabisa. Pawasaplai huendelea kutoa umeme kidogo wa akiba, wenye nguvu ya volti 5, ili kuilinda kumbukumbu ya muda ambayo mafundi huiita RAM. Humo ndimo kazi uliyoiacha imehifadhiwa. Umeme huo ukikatika hata kwa kitambo kifupi, yote yaliyomo humwagika kama maji katika mtungi uliopasuka.

Saa ya kuamka ndiyo ngumu zaidi. Kila kifaa hutakiwa kuzinduka kwa zamu yake na kukumbuka kilipokuwa. Kila kimoja kina programu ndogo inayokitumikisha, iitwayo kiendeshi. Kiendeshi kimoja kikikosea hatua, au kijiti cha RAM kikirudisha habari zilizoharibika, mashine nzima hupoteza fahamu. Ndiyo maana kompyuta yaweza kufanya kazi vizuri kutwa nzima ikiwa macho, kisha ikazirai kila inapoamshwa.

UMEME NA VUMBI LA UKAWANDA WETU

Hapa kwetu kuna maadui wawili. Adui wa kwanza ni umeme usiotulia. Mgao wa mwaka 2023 haujasahaulika. Na ijapokuwa mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ulianza kufua umeme Februari 2024, hakuna nyumba isiyopatwa na kukatika kwa dakika chache. Tena si lazima umeme ukatike mtaani. Units za LUKU zaweza kuisha usiku, mtoto mwenye nia njema aweza kuzima swichi ya ukutani ili kubana matumizi, au mashine ya kuchomelea ya jirani yaweza kuushusha umeme ghafla. Kompyuta iliyolala hufa usingizini, nawe asubuhi wadhani imeharibika.

Adui wa pili ni vumbi. Dodoma hupata msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi inayofuata ni mikavu, na upepo hupeperusha vumbi jekundu hadi ndani ya makabati. Vumbi hilo hujazana katika feni, huzuia joto kutoka, na hupenya hadi kwenye meno ya RAM. Mashine ya mtumba iliyokwisha tumika miaka kadhaa ng'ambo kabla ya kufika hapa huathirika upesi zaidi.

ITAZAME INAZIRAI NAMNA GANI

Kabla ya kugusa bisibisi, chukua daftari. Andika saa ambayo mashine ililala, saa uliyoiamsha, ishara uliyoiona, na kama umeme ulikatika. Kioo kikiwa buluu, nakili maneno yaliyoandikwa. Baada ya siku chache utaona mojawapo ya sura tatu.

Sura ya kwanza: mashine yaanza upya kana kwamba ilikuwa imezimwa, na kazi haipo. Hapo shuku umeme, swichi ya ukutani au pawasaplai iliyochoka.

Sura ya pili: feni zavuma lakini kioo ni cheusi. Bonyeza kitufe cha Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika kwa kila mbonyezo, mashine i hai, na tatizo laelekea kuwa katika kioo, waya wake au kiendeshi cha picha.

Sura ya tatu: kazi yaonekana, kisha mashine yaganda au kioo chawa buluu. Hapo shuku RAM, viendeshi au diski.

Windows nayo hutunza kumbukumbu ya matukio yake. Ukikuta humo namba 41, usishtuke. Namba hiyo husema tu kwamba mashine ilizimika bila kufuata utaratibu, haimtaji mkosaji.

HATUA ZA KUFUATA

Fuata hatua hizi moja baada ya nyingine, wala usibadilishe mambo mawili kwa wakati mmoja, maana hutajua ni lipi lililoponya.

Kwanza, izuie mashine isilale. Katika mipangilio ya umeme, agiza isilale kamwe, kisha itumie hivyo kwa siku tatu. Ikitulia, umekwisha jua kwamba kosa limo katika kulala na kuamka. Ikizidi kuzirai, kosa liko kwingine, pengine katika joto, RAM au umeme.

Pili, chomoa vyote visivyo vya lazima: printa, flashi, modemu. Acha kibodi na mausi tu, kisha uilaze mashine na kuiamsha. Ikiamka salama, rudisha kifaa kimoja kimoja mpaka mkosaji ajitokeze.

Tatu, safisha. Zima mashine, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Shika kwanza chuma cha kasha, kwa kuwa katika hewa kavu mwili hubeba umeme wa msuguano unaoweza kuua RAM. Ondoa vumbi kwa brashi laini na kavu, ukiizuia feni kwa kidole isizunguke. Usitumie kitambaa chenye maji, wala usipulize kwa mdomo, maana mate ni maji. Chomoa vijiti vya RAM, vifute meno taratibu kwa ufutio safi wa penseli, na uvirudishe hadi vishike barabara. Kama viko viwili, jaribu kimoja kimoja. Windows ina kipimo chake cha RAM kiitwacho mdsched. Kiache kimalize kazi yake hata kikichukua muda mrefu.

Nne, angalia viendeshi, hasa cha picha. Vichukue kwa mtengenezaji wa mashine yako, si kwa yeyote anayevigawa bure. Ikiwa taabu ilianza mara baada ya kiendeshi kubadilishwa, rudisha cha zamani. Kumbuka pia kwamba Windows 10 iliacha kupewa matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na si kila mashine kuukuu inakubaliwa na Windows 11. Mashine iliyosukumiwa mfumo usioifaa yaweza kukosa viendeshi vinavyoelewana nayo.

Tano, tazama saa ya kompyuta. Ikiwa kila uchomoapo waya tarehe hurudi nyuma miaka mingi, betri ndogo ya mazabodi imekwisha. Ni ya duara kama sarafu, ya volti 3, na huitwa CR2032. Ikifa, mipangilio ya msingi hupotea, pamoja na ile inayohusu kulala.

PALIPO PA FUNDI

Mambo mawili usiyafanye peke yako. Usifungue kisanduku cha pawasaplai, kwa kuwa ndani yake umeme wa kuua waweza kubaki hata baada ya waya kuchomolewa. Mwombe fundi ajaribu mashine yako kwa pawasaplai nyingine iliyo nzima. Jaribio hilo ni la muda mfupi nalo huokoa fedha nyingi. Vilevile, usibadilishe programu ya msingi ya mazabodi, iitwayo BIOS, bila UPS iliyo nzima. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mashine iliyokuwa ikizirai tu yaweza kufa kabisa.

Ukienda kwa fundi, nenda na daftari lako. Fundi mwadilifu atafurahi, maana umempunguzia nusu ya kazi. Asiye mwadilifu atajua kwamba hazungumzi na mjinga.

DESTURI YA KUANZA LEO

Wakati ukimtafuta mkosaji, waweza kuacha kabisa kuilaza mashine. Nafasi ya kulala, chagua hali ambayo Windows huiita hibernate, ambapo kazi yote huandikwa kwenye diski kabla ya mashine kuzimika. Kuamka kutachelewa kidogo, lakini umeme ukikatika usiku kucha kazi yako itakuwapo asubuhi. Ikiwa mashine yazirai hata katika hali hiyo, izime kila jioni kwa utaratibu wake.

Zaidi ya yote, hifadhi kazi kabla ya kuinuka kitini, na zile za wateja uziweke pia mahali pa pili nje ya mashine hiyo. Wafundishe watoto jambo hilo, na swichi ya ukutani uibandikie karatasi yenye neno USIZIME. Karatasi hiyo haigharimu kitu, nayo yaweza kuokoa ripoti ya mwanafunzi aliyebakiwa na siku moja ya kuikabidhi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.