Nyumba Zilizofungwa kwa Hati

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, hati nyingi za nyumba katika miji ya Marekani zilibeba sharti la kukataza nyumba isiuzwe, isipangishwe wala isikaliwe na mtu mweusi. Mahali pengine waliguswa pia Wachina, Wajapani na Wayahudi. Sharti hilo liliandikwa katikati ya masharti ya kawaida kabisa, kama vile umbali wa nyumba kutoka barabarani, nalo lilishikamana na ardhi yenyewe: kila aliyenunua nyumba baadaye alifungwa nalo hata kama hakulitia saini. Mara nyingi ruhusa ilikuwa moja tu, ya mtumishi wa nyumbani. Mpishi mweusi aliweza kulala chini ya paa lilelile, lakini jirani mweusi hakutakiwa hata mtaani.

Masharti haya yalishamiri baada ya mwaka 1917, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipobatilisha sheria ya mji wa Louisville iliyotenga mitaa kwa rangi. Wakati huo watu weusi kwa maelfu walikuwa wakihama majimbo ya Kusini kufuata kazi za viwandani Chicago, Detroit na St. Louis. Walichonyimwa madiwani, wenye nyumba na madalali wakakipata kwa mkataba. Mwaka 1926, katika kesi iliyotoka Washington, mahakama ileile ilisema Katiba haizuii makubaliano ya namna hiyo kati ya watu binafsi. Hoja kwamba haya yalikuwa makubaliano ya watu binafsi ilikuwa dhaifu tangu mwanzo, na ikazidi kudhoofika kuanzia miaka ya 1930, pale shirika la serikali kuu la kudhamini mikopo ya nyumba, FHA, lilipoyapendekeza masharti hayo katika mwongozo wake.

Mbinu hiyo haikuwa ya Marekani peke yake. Serikali ya kikoloni ya Kenya ilipotaka kunadi viwanja vya Mombasa kwa Wazungu tu, Abdulhusein Kaderbhai aliipinga mahakamani. Mwaka 1931 rufaa ya mwisho iliamuliwa London, na serikali ikashinda.

Huko Marekani, upinzani ulianza na watu walionunua nyumba na kuhamia, potelea mbali. Mwaka 1937 Carl Hansberry, mfanyabiashara mweusi wa Chicago, alinunua nyumba katika eneo la Washington Park. Makundi ya watu yaliizingira nyumba hiyo, na binti yake Lorraine alisimulia baadaye jinsi mama yake alivyokesha akiwalinda watoto na bastola mkononi. Mkataba wa mtaa ule ulihitaji saini za wamiliki wa asilimia 95 ya viwanja vilivyopakana na barabara. Zilizopatikana zilikuwa kama asilimia 54. Hansberry alishinda katika Mahakama ya Juu mwaka 1940, ila kwa sababu za taratibu za mashauri tu. Sharti lenyewe halikuguswa. Lorraine ndiye aliyeandika tamthilia ya A Raisin in the Sun, iliyofika Broadway mwaka 1959.

Los Angeles nako mwigizaji Hattie McDaniel, mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar, alishtakiwa pamoja na majirani zake weusi ili waondolewe kwenye nyumba zao za kifahari. Badala ya kila mmoja kuhangaika kivyake, walijipanga pamoja wakatetewa na wakili Loren Miller, na mwaka 1945 jaji akaitupa kesi.

Mwaka huohuo J.D. na Ethel Shelley walinunua nyumba St. Louis bila kujua kwamba mkataba wa 1911 uliwakataza watu weusi kuishi pale kwa miaka 50. Waliposhtakiwa, mahakama ya jimbo la Missouri ikaamua sharti litekelezwe. Wakili wao, George Vaughn, mtoto wa mtu aliyezaliwa utumwani, alilifikisha shauri Mahakama ya Juu, likasikilizwa pamoja na la Detroit lililosimamiwa na wakili Thurgood Marshall. Majaji watatu kati ya tisa walijitoa bila kutaja sababu; wengi waliamini kwamba nyumba za majaji hao zilikuwa na masharti yaleyale.

Tarehe 3 Mei 1948 majaji sita waliobaki waliamua kwa kauli moja. Watu wangeweza kuafikiana watakavyo kwa hiari yao, lakini mahakama inayomtoa mtu ndani ya nyumba yake kwa sababu ya rangi ni serikali inayobagua, na Marekebisho ya 14 ya Katiba yanakataza. Sharti likang'olewa meno, lakini halikufutwa. Mwaka 1953 ilizuiwa hata kumdai fidia aliyelivunja, na mwaka 1968 sheria ya haki ya makazi ikapiga marufuku ubaguzi wenyewe katika kuuza na kupangisha nyumba nyingi.

Maandishi yamebaki kwenye masjala za ardhi hadi leo. Mjini Minneapolis, mradi wa Mapping Prejudice ulioanza mwaka 2016 umewatumia watu wa kujitolea kuzisoma hati moja moja na kuziweka kwenye ramani. Sheria ya Minnesota ya mwaka 2019 inamruhusu mwenye nyumba kusajili tamko la kulikana sharti hilo, na hati ya zamani huachwa ilivyo, iwe ushahidi.