Msuli wa shavu la mguu ukichanika

Je, umewahi kukimbilia matatu asubuhi, ghafla ukahisi kana kwamba umepigwa jiwe nyuma ya mguu, na ulipogeuka hukuona mtu? Wagonjwa wengi hunijia na kisa hicho hicho, na wengine huapa kwamba walipigwa teke. Hakuna aliyewagusa. Ni msuli wa shavu la mguu uliochanika.

Miongoni mwa mashuhuri waliopatwa na jambo hili ni Yasuhiro Yamashita wa Japani. Katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka wa 1984, alishiriki judo ya wanaume ya uzani huru, yaani ile ambayo mwenye kilo 70 akitaka kupambana na mwenye kilo 130, ruhusa. Ilikuwa mara ya mwisho kwa uzani huo kushindaniwa katika Olimpiki. Yamashita alikuwa hajashindwa kwa miaka mingi, na kwa kuwa Japani ilisusia Michezo ya Moscow mwaka wa 1980, hii ndiyo iliyokuwa nafasi yake. Katika pambano la pili, dhidi ya Arthur Schnabel wa Ujerumani Magharibi, msuli wa mguu wake wa kulia ukachanika. Alishinda, lakini alitoka akichechemea.

Msuli mkubwa wa shavu la mguu huanzia juu ya goti na kushuka hadi kwenye kano nene iliyoshikamana na kisigino. Kazi yake ni kuinua kisigino ili usukume ardhi. Kwa kuwa unapita kwenye goti na kwenye kifundo cha mguu pia, ukinyoosha goti kwa nguvu huku kisigino kikiwa chini, unavutwa pande zote mbili. Nyuzi zake huachana, hasa upande wa ndani, na damu huvuja humo. Sisi wanaume wa makamo, tunaoketi ofisini wiki nzima kisha Jumamosi tunajitia vijana uwanjani, ndio hupatwa zaidi. Mtu mzito huubebesha msuli huo mzigo mkubwa zaidi.

Sasa fikiria mwanajudo. Ili amrushe mwenzake, mara nyingi husimama kwa mguu mmoja na kuusukuma. Katika nusu fainali, Yamashita aliangushwa mapema na Mfaransa Laurent Del Colombo, kabla ya kujikaza na kushinda. Kwenye fainali alikutana na Mohamed Rashwan wa Misri, jitu la mtu. Walipoanguka, Yamashita alimlalia na kumshikilia chini hadi muda ukatimia. Kumshikilia mtu chini hutaka kifua, mikono na uzani, si shavu la mguu. Huo ndio ujanja ulioleta dhahabu.

Namsifu, lakini usimwige. Alikuwa akipigania nafasi aliyoisubiri maisha yake yote. Wewe unapigania kombe la mtaani.

Ukichanika, acha mchezo papo hapo. Funga barafu kwa kitambaa, uiweke kwa dakika 15 hadi 20, urudie baada ya saa mbili au tatu. Funga bendeji kuanzia vidoleni kupanda juu, bila kukaza mno, kisha lala mguu ukiwa juu ya mito. Kwa maumivu, paracetamol inatosha mwanzoni. Aspirini huzidisha kuvuja kwa damu. Na hapa ndipo ninapogombana na mama mkwe wa kila mgonjwa: usikandwe kwa maji moto wala kusuguliwa kwa dawa ya kuchua siku mbili tatu za kwanza. Joto na kusugua huongeza damu inayovuja, na mguu huamka kesho ukiwa kama gogo.

Kuna mambo matatu yasiyongoja. La kwanza ni kano ya kisigino. Lala kifudifudi miguu ikining'inia nje ya kitanda, mtu akuminye shavu la mguu. Wayo usipocheza hata kidogo, huenda kano imekatika, na huenda ukahitaji upasuaji. La pili ni mguu kuwa mgumu, ukang'aa, maumivu yakazidi kila saa na vidole vikafa ganzi. Hapo nenda hospitali usiku huo huo, maana shinikizo la ndani linaua msuli.

La tatu ndilo linalonitia hofu zaidi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma bila wewe kujiumiza, hasa baada ya safari ndefu ya basi, upasuaji, kulazwa au kujifungua, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Bonge hilo likikatika husafiri hadi mapafuni. Ukianza kuhema au kuchomwa kifuani, usimeze dawa ukalale. Kimbilia hospitali. Niliwahi kumpokea dereva wa lori aliyekandwa mguu kwa wiki nzima akidhani ni msuli. Alipona, lakini alikuwa amefika ukingoni.

Mchaniko mdogo hupona kwa wiki mbili au tatu, mkubwa huchukua sita au zaidi. Kabla ya kurudi uwanjani, simama kwa mguu uliojeruhiwa pekee na uinue kisigino mara 20. Ukishindwa au ukihisi maumivu, ngoja wiki nyingine.