Sanduku la Kufuli Tatu

Je, wajua kwamba sanduku linalotunza akiba za vikundi vingi vya Mbeya na Iringa haliwezi kufunguliwa na mwenyekiti wa kikundi? Katibu naye hawezi. Hata yule anayelala nalo chini ya kitanda hana ufunguo hata mmoja.

Kwa macho halina maajabu. Ni sanduku la chuma lililopigwa rangi, kazi ya fundi wa kuchomelea, na ukilikuta limefungwa nyuma ya baiskeli utadhani limebeba spana. Kinacholitofautisha ni masikio matatu ya kupitishia kufuli. Kila kufuli ina mshika ufunguo wake, na kwa utaratibu uliozoeleka washika funguo hawatoki katika uongozi, wala hawatakiwi kuwa ndugu wa nyumba moja. Mtunza sanduku ni mtu wa nne. Yeye ana chuma na hana ufunguo, wenzake wana funguo na hawana chuma.

Nimelishuhudia likifunguliwa Tukuyu na nimelishuhudia Ilula, na tofauti niliyoiona ni ya salamu tu: kule walianza na "ugonile", huku "kamwene". Wanachama hukaa nusu duara kwa kufuata namba zao. Washika funguo huitwa mmoja mmoja, kufuli zinatolewa, kifuniko kinanyanyuliwa kuelekea kwa watu ili kila mtu aone ndani. Kabla noti haijaguswa, mwenyekiti anauliza: "Mara ya mwisho tulifunga na shilingi ngapi?" Kikundi kizima kinajibu kwa sauti, kutoka kichwani. Ndipo wahesabu fedha wanahesabu, na ole wao kiasi kikipishana na jibu.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, lakini haliaminiwi peke yake. Anayeshika kalamu anaweza kugeuza moja kuwa saba. Kugeuza vichwa ishirini na tano vilivyotamka kiasi kile kile wiki iliyopita ni kazi nyingine kabisa.

Kitabu cha mwanachama nacho kimebuniwa kwa jicho la mtu asiyejua kusoma. Hisa moja ni muhuri mmoja. Ukinunua tatu unagongewa mihuri mitatu, na kikomo cha kawaida ni hisa tano kwa kikao. Nafasi zilizobaki kwenye mstari huo zinapigwa mstari hapo hapo, mbele ya wote, ili usiku mtu asije akajiongezea muhuri akiwa nyumbani kwake.

Chimbuko la mpango huu ni Niger, huko Maradi, mwaka 1991. Shirika la CARE lilianza kufanya kazi na wanawake wa vijijini, wengi wao hawajawahi kukaa darasani. Ndiyo maana muhuri ukachukua nafasi ya tarakimu na kumbukumbu ikachukua nafasi ya mkaguzi. Mpango ukasambaa Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa umeshafika Unguja, katika vijiji vinavyozunguka msitu wa Jozani, na huku Bara wakati huo huo jina la VICOBA, yaani benki za jamii za vijijini, likaanza kuzoeleka. Wazo lenyewe la funguo tatu lina umri mkubwa zaidi. Mwaka 1199 Papa Innocent wa Tatu aliagiza makanisa yaweke kisanduku cha kukusanyia michango ya vita vya msalaba, kifungwe kwa funguo tatu: mmoja kwa askofu, mmoja kwa padri wa parokia, mmoja kwa muumini wa kawaida. Hata Roma walijua kwamba uchaji Mungu ni jambo moja na ufunguo ni jambo jingine.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana sanduku hili lina kasoro moja ambayo wanahisabati wameihangaikia. Linadai wote watatu wawepo. Kikao kimoja nilichohudhuria, mshika ufunguo wa pili alikuwa amekwenda kwenye msiba Makambako na ufunguo ukiwa umefungwa kwenye pindo la kanga yake. Watu walikuwa wamefika, mama mmoja alihitaji mkopo wa kumpeleka mtoto hospitali, na sanduku limekaa katikati yetu kama jiwe. Mwishowe alichangiwa kutoka mifukoni. Kufuli haikuguswa, na hakuna aliyependekeza iguswe.

Mtu atasema basi funguo ziwe kwa watu watano, na watatu wowote wakikutana wafungue. Linasikika jepesi, hadi uanze kununua kufuli. Ili wawili wasiweze kufungua, kila jozi ya watu lazima ikwame kwenye kufuli moja ambayo hao wawili hawana ufunguo wake. Katika watu watano kuna jozi 10, kwa hiyo kufuli 10, na kila mshika ufunguo atembee na funguo 6. Mwaka 1979 mwanahisabati wa Israel, Adi Shamir, alianza makala yake mashuhuri kwa fumbo la aina hii: wanasayansi 11 wana kabati la siri, nao wanataka lifunguke tu wakiwapo 6 au zaidi. Jibu ni kufuli 462, na kila mwanasayansi anabeba funguo 252. Hilo kabati lingehitaji punda.

Shamir akaachana na chuma. Siri aliigeuza kuwa namba, na namba akaificha kwenye mchoro. Ukiwa na nukta moja, unaweza kupitisha hapo mistari isiyo na idadi. Ukipata nukta ya pili, mstari ulionyooka unabaki mmoja tu. Basi mpe kila mtu nukta yake: mmoja peke yake hajui kitu, wawili wakikutana wanauchora mstari na kuisoma siri pale unapokata mhimili. Ukitaka wawe watatu, tumia mkunjo badala ya mstari ulionyooka. Nukta unaweza kugawa kwa watu hata mia.

Lakini usalama mkubwa wa sanduku la Tukuyu au Ilula hautoki kwenye kufuli. Sanduku lile muda mwingi halina kitu cha kuiba. Fedha ikiingia haikawii kukopeshwa, na kinachofungiwa ni vitabu, mihuri, mfuko wa jamii na chenji. Mwizi akilibeba usiku wa Februari ataambulia wino. Mvua za Nyanda za Juu Kusini ni za msimu mmoja, kuanzia karibu Novemba hadi Aprili au Mei, na sanduku linapumua nazo. Baada ya mavuno hisa zinanunuliwa kwa wingi. Mahindi yakiwa bado mabichi shambani na ghala limeisha, watu wanakopa. Hatari huja mwishoni mwa mzunguko, mikopo yote ikisharejeshwa na sanduku likajaa kweli kweli. Kikundi chenye akili hakiachi pesa hiyo ilale: siku ya kuvunja mzunguko huwa ni ile ile ya kugawana.

Tuchukue mfano. Hisa ni shilingi 2,000, na mwaka mzima zimenunuliwa hisa 2,500, yaani shilingi 5,000,000. Riba za mikopo zimeongeza 1,000,000. Gawanya 6,000,000 kwa 2,500, kila hisa sasa ni 2,400. Aliyenunua hisa 180 aliweka 360,000, anaondoka na 432,000, kwa wakati ule mbolea inapohitajika na sare za Januari zinaanza kumnyima mzazi usingizi. Riba yenyewe ilitoka kwa wanachama wenyewe waliokopa. Mimi nauona huo ndio uzuri wake, ingawa wapo wanaoona wanajikamua.

Serikali ya Tanzania nayo imelitambua sanduku hili. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi hivi katika daraja la nne la watoa huduma, navyo vinatakiwa kusajiliwa.

Siku hizi vikundi kadhaa vimehamishia akiba kwenye simu. Kufuli zimekuwa namba za siri: fedha haitoki mpaka zaidi ya mtu mmoja aidhinishe, kila mmoja kwa simu yake. Kwa maandishi ni sanduku lile lile. Kwa vitendo, nilimwona kijana mmoja mwenye roho nzuri, anayeaminiwa na kikundi kizima, akiwasaidia akina mama. Wakikwama anaichukua simu, anauliza namba ya siri, anabonyeza mwenyewe, anairudisha. "Shikamoo mama, tayari." Hakuiba hata senti. Lakini jioni ile alikuwa na funguo zote tatu mfukoni, na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu namba ya siri haining'inii kwenye pindo la kanga ikaonekana.

Msaada unaofaa ni wa kukaa pembeni ya mama, kumwonyesha pa kubonyeza, kisha kugeuza uso akiandika namba yake. Utachukua vikao vitatu badala ya dakika tatu. Na wewe ukialikwa kujiunga na kikundi, kabla hujatoa pesa ya hisa ya kwanza, omba kuonyeshwa washika funguo. Ukiona funguo zote ziko kwenye kamba moja, au namba zote ziko kwenye kichwa kimoja, kunywa chai yao, washukuru, uondoke na hela yako.