PlanRep yafupisha safari ya bajeti za halmashauri

SAFARI ya bajeti kutoka halmashauri hadi ngazi ya taifa ilikuwa ndefu. Kabla ya mwaka 2017, programu ya PlanRep ilitumika katika kompyuta za kila halmashauri, na maofisa mipango walilazimika kusafiri kuwasilisha bajeti zao.

Septemba 2017, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua mjini Dodoma toleo jipya la PlanRep linalotumia intaneti. Kwa toleo hilo, takwimu huhifadhiwa pamoja, hivyo mpango wa halmashauri ya Tanzania Bara huweza kupitiwa mkoani na Tamisemi bila ofisa kufunga safari.

Mfumo huo hauishii makao makuu ya halmashauri. Zahanati, vituo vya afya na shule nazo huandaa mipango yake ndani ya ukomo wa bajeti uliowekwa. Mfumo mwenza wa FFARS ulibuniwa kwa ajili ya kuandika mapato na matumizi ya vituo hivyo.

Hata hivyo, kompyuta haiongezi fedha. Zahanati iliyopanga kununua dawa bado hutegemea fedha zitakazopokewa, na intaneti isipokuwa ya uhakika, kazi ya kuingiza takwimu hukwama.

Faida kubwa ni uwajibikaji. Kilichopangwa kikilinganishwa na kilichopokewa, pengo huonekana kabla ya mwaka wa fedha, unaoanza Julai 1, kumalizika. Kwa mwananchi, mahali pa kuulizia pengo hilo ni kamati ya usimamizi ya zahanati yake.