Zana Hupimwa Kazini: Utangulizi wa Taaluma ya Kulinganisha Zana za Wasanidi Programu

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za mawasiliano zinazopita chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ya Tanzania na ya nchi jirani ikadorora. Msanidi programu aliyetunza msimbo wake kwa Git, zana iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, aliweza kuendelea na kazi, kwa kuwa Git huweka historia yote ya mradi ndani ya kompyuta ya mtumiaji. Aliyetegemea kihariri kinachofunguka kwenye kivinjari, huku msimbo wenyewe ukikaa kwenye seva ya ng'ambo, alibaki akisubiri. Siku moja kabla ya hapo, huyu wa pili angeweza kusema kwa haki kwamba zana yake ndiyo ya kisasa zaidi.

Taaluma hii inaanzia hapo. Swali lake ni moja: tunajuaje kwamba zana hii ni bora kuliko ile? Jibu ninalolitetea katika utangulizi huu ni kwamba ubora wa zana haukai ndani ya zana peke yake. Unazaliwa pale mambo manne yanapokutana: zana yenyewe, mtu anayeitumia, kazi anayoifanya na mahali alipo. Anayelinganisha zana mbili bila kuyataja yote manne ametueleza anachokipenda. Ulinganisho bado hajaufanya.

Ninaowakaribisha kwanza ni ninyi mnaofanya kazi na kusoma kati ya Posta na Kariakoo. Wapo wanafunzi wa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Bibi Titi Mohammed. Wapo wa Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, mtaa wa Shaaban Robert. Wapo wanaohudumia mifumo ya benki jirani na minara ya Benki Kuu, na wapo vijana wanaowaandikia wafanyabiashara wa Kariakoo programu za kuhesabu mali ghalani. Kila siku mnachagua zana, na kila uchaguzi una gharama yake kwa muda, kwa bando na kwa fedha ya mteja. Mnastahili kuwa na namna ya kuchagua iliyo imara kuliko sifa za mitaani.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia nini. Zana za msanidi ni kihariri anachoandikia msimbo, kompaila inayougeuza kuwa programu, chombo cha kusakia hitilafu, mfumo wa kutunza matoleo, na API, yaani njia rasmi ambayo programu moja huitumia kuomba huduma kwa nyingine, pamoja na maelezo yanayoambatana nayo. Microsoft, Google, Apple, Amazon, Meta na JetBrains zote hutengeneza zana za namna hii. Lakini kampuni za simu na za malipo nazo zimo katika orodha, maana kwa msanidi wa Dar es Salaam, API ya malipo ni zana ya kila siku kama kihariri chake.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika uwanja wetu methali hiyo ichukuliwe kwa tahadhari, kwa sababu kuenea kwa zana kuna sababu nyingi. Xcode, iliyotolewa na Apple mwaka 2003, hutumiwa na karibu kila anayetengeneza programu za iPhone, na inafanya kazi kwenye kompyuta za Apple tu. Hata kama kesho ingekuwa mbovu, wengi wangeendelea kuitumia kwa kuwa njia nyingine za kufika kwenye iPhone ni chache na nyingi hurudi kwake mwishoni. Kwa hiyo idadi ya watumiaji hutuambia nani ana nguvu sokoni, na hutuambia machache sana kuhusu ubora.

Watafiti walijaribu mapema kupima kwa namba. Mwaka 1968 Harold Sackman na wenzake wawili walichapisha jaribio lililolinganisha njia mbili za kazi: kuandika programu ukiwa umeunganishwa na kompyuta moja kwa moja, na kuikabidhi kompyuta kazi ikasubiri zamu yake. Walitumia waandishi wa programu 12 wenye uzoefu. Matokeo yalishtua: katika kusaka hitilafu, aliyechukua muda mrefu zaidi alitumia mara 28 ya muda wa aliyemaliza haraka zaidi. Tofauti kati ya watu iliifunika tofauti kati ya zana. Baadaye wakosoaji walionyesha kwamba kundi hilo lilichanganya walioandika kwa lugha ya mashine na walioandika kwa lugha ya juu, kwa hiyo sehemu ya tofauti iliyohesabiwa kuwa ya watu ilikuwa ya zana. Masomo mawili yamo humo. Ukipima zana bila kuwajua watu, namba zako zitakudanganya. Na ukipima watu bila kuzijua zana zao, zitakudanganya vilevile.

Mwaka 1982 Walter Doherty na Ahrvind Thadani wa IBM walitazama jambo jingine: muda ambao kompyuta inachukua kujibu. Waliona kwamba mwitiko ukishuka chini ya sekunde moja, kazi inayofanyika huongezeka kuliko zile sekunde zilizookolewa, kwa sababu mtu hapotezi mtiririko wa mawazo yake. Matokeo hayo yanatugusa. Huduma iliyojaribiwa karibu na seva zake haina ubora uleule ikitumiwa mtaa wa Samora, ambako kila ombi huvuka bahari kwenda na kurudi. Anayeandika tathmini akiwa California na anayeisoma akiwa Posta wanazungumzia zana mbili tofauti zenye jina moja.

Kisha likaja wimbi la waliotazama jinsi mtu anavyofikiri anapotumia zana. Thomas Green, kuanzia mwaka 1989, alitoa msamiati wa kuyataja mambo ambayo wasanidi waliyahisi bila kuyapa jina. Je, badiliko dogo hukulazimisha kubadili sehemu kumi nyingine? Je, kuna uhusiano uliofichika kati ya sehemu mbili za msimbo ambao zana haikuonyeshi? Ndani ya Microsoft, Steven Clarke aliutumia msamiati huo kupima API za kampuni yake kwa kuwatazama wasanidi wakizitumia. Kwa kazi za namna hiyo tuliacha kuuliza tu kama zana inaweza kufanya jambo fulani, tukaanza kuuliza inamfanyia nini anayeitumia.

Kwa macho hayo, tuzitazame kampuni kubwa. Google imesifiwa sana kwa zana zake za ndani. Makala iliyochapishwa na watu wake mwaka 2016 ilieleza hazina moja ya msimbo yenye faili takriban bilioni 1 na terabaiti 86, ikitumiwa na wasanidi wake walio wengi. Hakuna kompyuta ya kawaida ya mezani inayoweza kubeba mzigo huo, hivyo msanidi huziona faili zote kupitia mtandao, na zinazohifadhiwa kama zake ni zile tu alizozibadili. Kwa mtandao wa ndani wa Google huo ni usanifu wa hali ya juu. Kwa bando la mtaa wa Lumumba, usanifu huohuo ungemkwamisha mtu kabla ya saa nne asubuhi. Zana haijabadilika, mahali pamebadilika.

Zana ambayo Google imewapa watu wa nje, Android Studio, ilitangazwa mwaka 2013 na kujengwa juu ya kazi ya JetBrains. Ni zana yenye uwezo mkubwa na haina malipo, lakini inadai kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 8 kuwa kiwango cha chini, na mradi mpya unaweza kupakua mamia ya megabaiti kabla mstari wa kwanza haujafanya kazi. Simu ya kuigiza iliyomo ndani yake kwa kawaida huiga Pixel, simu ya Google yenyewe, wakati mteja wa mtaa wa Aggrey ananunua Tecno, Infinix au itel yenye kumbukumbu ndogo. Anayepima kazi yake kwenye Pixel ya kuigiza peke yake hajampima mteja wake.

Microsoft ilitoa Visual Studio Code mwaka 2015, nyepesi na ya bure. Mwaka uliofuata ilitangaza pamoja na Red Hat na Codenvy utaratibu wa pamoja unaowezesha kihariri chochote kupata msaada wa lugha yoyote ya programu. Kabla ya hapo kila kihariri kilihitaji kiunganishi chake kwa kila lugha. Baada ya hapo kiunganishi kimoja kwa lugha moja kikatosha. Manufaa yake yamewafikia hata wasiotumia Microsoft kabisa, na hicho ni kipimo ambacho walinganishaji wengi hukisahau: je, zana inamwachia msanidi uhuru wa kuhama? Gharama ya kuingia nayo inahesabiwa. Kusajiliwa Google Play ni dola 25 mara moja. Apple hutoza dola 99 kila mwaka, mbali na bei ya kompyuta yenyewe.

Hata hivyo, kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni tabia ya zana pale kazi inapokwama. Kila zana hupendeza katika maonyesho. Mwaka 2017 Titus Barik na wenzake walifuatilia macho ya watu 56 wakirekebisha makosa ya msimbo, wakakuta kwamba kusoma ujumbe wa hitilafu kulichukua kati ya asilimia 13 na 25 ya muda wa kazi. Sehemu kubwa kiasi hicho ya siku ya msanidi iko mikononi mwa mtu aliyeandika ujumbe ule. Akiuandika vizuri, ameokoa saa za watu asiowajua.

Hakuna mahali kipimo hiki kinaonekana wazi kama kwenye malipo. Chukua duka la vitenge Kariakoo. Mteja amelipa kwa simu na anasema imekatwa. Muuzaji anatazama skrini na anasema haijaingia. Kwa msanidi, hali ni moja kati ya tatu: ombi halikufika, au lilifika na kutekelezwa lakini jibu likapotea njiani, au bado linashughulikiwa. API nzuri humpa namna ya kuuliza hali ya muamala kwa namba ya kumbukumbu, na humruhusu kulituma tena ombi lilelile bila mteja kukatwa mara mbili. Stripe, kampuni ya ndugu Patrick na John Collison, imejijengea sifa kwa kuliweka jambo hili wazi katika maelezo yake. API dhaifu hujibu tu kwamba kuna hitilafu, kisha mteja na muuzaji wanaachwa wabishane.

Uwanja wa ulinganisho hapa kwetu ni mpana. Kenya, Safaricom iliwafungulia wasanidi Daraja, yaani API zake za M-Pesa, mwaka 2017, ikiwa na mazingira ya majaribio yanayofikiwa na yeyote aliyejisajili. Africa's Talking, iliyoanzia Nairobi mwaka 2010, imewapa wasanidi API za ujumbe mfupi na USSD pamoja na simu ya kuigiza ya kujaribia. Tanzania, msanidi hukutana na M-Pesa ya Vodacom, Airtel Money, HaloPesa na Mixx by Yas, iliyokuwa Tigo Pesa hadi 2024, na kwa malipo ya serikali kuna GePG, iliyoanza mwaka 2017, inayotoa kontroo namba. Wapo pia wanaounganisha mitandao mingi kwa API moja, kama Selcom. Maswali ya kuwauliza wote ni yaleyale. Tangu kujisajili hadi muamala wa kwanza wa majaribio, unapita muda gani? Je, mazingira ya majaribio yanafanana na ya kweli, pamoja na ucheleweshaji wake? Jibu likipotea, nifanye nini, na je, maelezo yanasema hivyo mahali ninapoweza kupaona?

Leo tumeongezewa zana zinazotumia akili mnemba, na ugumu wa mwaka 1968 umerudi. Utafiti wa 2023 kuhusu GitHub Copilot, uliowahusisha watafiti wa Microsoft na GitHub, uliwapa wasanidi 95 kazi moja ya kuandika seva ndogo. Waliosaidiwa walimaliza kwa muda mfupi zaidi kwa asilimia 55.8. Mwaka 2025 kikundi cha utafiti cha METR kiliwafuata wasanidi 16 wazoefu katika miradi waliyoijua vizuri, kikakuta kwamba waliporuhusiwa zana hizo walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19, nao wenyewe wakiamini wameharakishwa. Tafiti hizi hazilazimiki kupingana. Kazi ni tofauti, watu ni tofauti, zana zenyewe zilikuwa zimebadilika kati ya miaka hiyo. Lile la kuamini kinyume cha saa ya ukutani ndilo linalonifanya nisisitize: usiamini hisia za mtumiaji peke yake, hata zikiwa zako.

Basi anza hivi. Chagua kazi moja ya kweli, mfano kupokea malipo na kutoa risiti. Chagua zana mbili. Andika kabla ya kuanza unachotarajia. Pima muda, pima megabaiti zilizotumika, kisha uukate mtandao katikati kwa makusudi na uandike kilichotokea na ulivyojinasua. Mpe mwenzako arudie kwenye kompyuta ya kawaida, ile ambayo mteja wako angemudu kuinunua. Andika kwa lugha ambayo msanidi wa kesho ataielewa.

Maandishi mengi ya taaluma hii yametoka penye umeme usiokatika na mtandao usioyumba, na kwa hiyo yameacha pengo ambalo waliopo hapa wanaweza kulijaza kuliko mtu mwingine yeyote. Sackman na wenzake waliubadili mjadala kwa watu 12, na METR kwa 16. Darasa moja la DIT lina watu wa kutosha.