Unga Unaomwagwa Mtoni: Chambo au Israfu?

Baada ya darsa ya akina mama hapa Majengo, Pumwani, mmoja wao alibaki nyuma akatuuliza swali tusilolitarajia. Mumewe na mwanawe huenda kuvua kwa mshipi katika Mto Sagana, na kila safari hubeba kilo mbili za unga wa mahindi. Si wa kutia ndoanani, bali wa kumwaga majini ili samaki wakusanyike. "Sheikh," akasema, "nyumbani mimi napima unga kwa kikombe. Huko unamwagwa ovyo. Hii si israfu?"

Tulimjibu papo hapo kwamba ni israfu, tukamtajia aya ya 31 ya Surat al-A'raf. Akaenda zake na hukumu yetu, na usiku ule nyumba yao haikulala kwa amani. Kesho yake mume alitujia kwa adabu: "Sheikh, umehukumu mto usioujua." Alisema kweli. Tulisikiliza upande mmoja tu. Jumapili iliyofuata tulifuatana nao.

Sagana ni sehemu ya juu ya Mto Tana, mwendo wa kilomita 100 hivi kutoka Nairobi. Wanakwenda mbali hivyo kwa kuwa Mto Nairobi, jirani yetu, umejaa uchafu, na samaki aliyelelewa humo hakuna mama atakayempeleka jikoni kwa moyo mkunjufu.

Huko tulifunzwa. Chakula cha kumwaga kina kazi moja: kumtuliza samaki mahali pamoja, aonje na kutafuta zaidi, lakini asishibe. Akishiba haigusi ndoana, na mvuvi amekosa unga na samaki pia. Basi kwanza hutazamwa maji. Yakienda kasi baada ya mvua, unga huchukuliwa na mkondo ukalisha samaki wa mbali. Hapo humwagwi kitu, chambo cha ndoanani chatosha. Yakiwa ya pole, humwagwa konzi moja juu kidogo ya mkondo, ili izame pale ilipo ndoana. Kisha husubiriwa. Samaki wakigusa, huongezwa kidogo.

Kijana alivua perege watatu kwa konzi nne za pumba. Baba yake, aliyekwisha kumwaga nusu ya mfuko, hakupata kitu hadi Adhuhuri. Alitutazama akacheka: "Mama watoto alisema kweli, ila nusu."

Tumerekebisha jawabu letu. Kuvua ni halali kwa aya ya 96 ya Surat al-Maida, na maulamaa wameingiza mito katika hukumu ya bahari. Chakula kinachomwagwa kwa kipimo ni njia ya kutafuta riziki, kama mbegu anayoizika mkulima. Kinachozidi haja, au kinachomwagwa pasipo kutazama mto, ndicho israfu. Tena kisiwe najisi, pumba na makombo yatangulie kabla ya unga wa watu, na wanaovua wale walichovua.

Tulirudi kwa mama yule tukamwomba radhi kwa haraka yetu. Sasa yeye mwenyewe ndiye anayewapimia pumba kabla ya safari, kwa kikombe kilekile cha unga. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.